He said he is, au he said he was? Mwongozo kamili wa kuripoti maneno ya mtu kwa Kiingereza

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili hii mada inatusumbua kwa sababu moja ambayo darasani huwa haisemwi. Kwa Kiswahili ukisema "Juma alisema anaumwa", hiyo anaumwa inabaki vile vile ilivyotoka mdomoni mwa Juma, hata kama alisema mwaka juzi na leo hii mzima kabisa yuko pale Jamhuri anakimbiza mpira. Hamna anayeshtuka. Kiingereza sio hivo, chenyewe kinamtaka anayeripoti ajiangalie yeye leo amesimama wapi ndo achague. Sasa mtu anaandika "Juma said he is sick" kwa habari ya mwaka juzi, msomaji anabaki anajiuliza huyu Juma mbona haponi.

Dawa tuliyopewa shuleni ni lile jedwali: ukiona said, rudisha kila kitu nyuma hatua moja. Jedwali sio baya, ila linajibu nusu ya swali. Matokeo yake kuna makundi mawili, hawa wanaorudisha kila kitu mpaka jua linaanza kuchomoza zamani, na hawa wasiorudisha chochote. Ukienda ofisi za serikali kule Mtumba, Dodoma, ukaomba kuona ripoti na barua pepe za Kiingereza utawakuta wote wawili, saa nyingine kwenye ukurasa mmoja.

Kitu cha kushika ni hiki. Baada ya said au told, ukitumia wakati uliopita unasema: haya ni maneno yake, ya siku ile, mimi nayafikisha tu. Ukitumia wakati uliopo unasema: jambo lenyewe liko hivo hadi muda huu ninaoandika, na mimi nalikubali. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: angalia kwanza kitenzi cha kuripoti

Kabla hujagusa sentensi ya ndani, angalia hicho kitenzi cha nje. Kama ni says, is saying, has said, will say, basi hamna kurudisha chochote, maneno yanabaki na wakati wake. Mtu amekutumia voisi sasa hivi, unamwambia mwenzio: "Asha says she is at Nanenane, the bus has just arrived." Hapo kazi imeisha. Vilevile "I hear you are moving to Ilazo" au "I'm told the road is closed".

Hii has said watu wanaisahau sana. Wanaona said ndani yake wanakimbilia kurudisha. "The manager has said that we will get our allowance on Friday" iko sawa kabisa, kwa sababu has inakuvuta kwenye sasa hivi. Ndo maana pia vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza vimejaa says: "Minister says water project is on track". Ukiingia ndani ya habari yenyewe utakuta mwandishi kahamia said, na wakati umebadilika naye.

Ila was saying inahesabika kama said. Inakwenda nyuma.

Hatua ya 2: ikiwa ni said, told, asked, anza kwa kurudisha

Hii ndo njia ya kawaida, na ukiwa huna uhakika ifuate. Am na is zinakuwa was, are inakuwa were, "I live" inakuwa he lived, "I am waiting" inakuwa he was waiting, "I have finished" inakuwa he had finished, will inakuwa would, can inakuwa could, may inakuwa might. Haya unayajua, sitakaa hapo.

Kuna ambazo hazisogei hata ukizivuta kwa trekta: would, could, should, might, ought to, used to, had better, na chochote ambacho tayari kina had. "I would love to see Kondoa" inakuwa "she said she would love to see Kondoa", basi.

Must ina vichwa viwili. Ikiwa ni lazima ya kufanya kitu, "You must pay today", unaweza kuandika "he said we had to pay that day" au ukaiacha must, zote zinakubalika. Ikiwa ni ya kukisia, "You must be tired", hiyo iache: "she said I must be tired". Ukiandika she said I had to be tired umemgeuza mama wa watu anakuamrisha uchoke.

Sasa kitu kinachowachanganya wengi: wakati uliopita wa kawaida nao urudishwe kwenda kwenye had? Jedwali linasema ndiyo. Kwenye maisha halisi ni mara nyingine. "I was born in Mpwapwa in 1988", ukaripoti "he said he was born in Mpwapwa in 1988", nani atachanganyikiwa? Hakuna. Mwaka upo pale, mtu hazaliwi mara mbili. Kitu chochote chenye tarehe yake au cha historia kiache. "Our teacher told us that the decision to move the capital to Dodoma was made in 1973." Ukiweka had been made sio kosa, ila hakuna kilichoongezeka.

Lakini kuna mahali had inahitajika kweli, hasa kwenye was na were. Dada wa mapokezi kasema "I was at the office". Wewe ukaandika "she said she was at the office". Msomaji ataelewa kwamba muda ule anaongea alikuwa ofisini, yaani kasema I am. Maana imegeuka. Hapo andika "she said she had been at the office". Kwenye mambo ya nani alikuwa wapi, mahudhurio, polisi, bima, hii tofauti inaweza kumponza mtu.

Hatua ya 3: jiulize, bado iko hivo, na wewe unaisimamia?

Hapa ndo penyewe kwahiyo ntakaa kidogo.

Chukua mambo ya viwanja, maana Dodoma tangu serikali ihamie hakuna mtu ambaye hajaongea na dalali. Dalali anakuambia "The plot has a title deed". Jioni unamwandikia barua pepe ndugu yako aliyeko Uingereza anayetaka kununua. Una sentensi mbili mezani.

"The broker said the plot has a title deed."

"The broker said the plot had a title deed."

Zote ni Kiingereza safi. Lakini ya kwanza inamfanya ndugu yako aamini kwamba hati ipo, na kwamba wewe unakubali ipo. Ya pili inamwachia dalali mzigo wake, wewe umefikisha tu. Kama hati hujaiona kwa macho wala hujaenda kuulizia ardhi, andika had. Na ukienda ukakuta hati hamna, had ndo inabaki peke yake: "The broker said the plot had a title deed, but it doesn't." Hapo ukiweka has sentensi inajipinga yenyewe. Vilevile "he said it was 600 square metres", na ukipima unakuta 450.

Sasa sikiliza hapa, maana ndo wengi wanapopotea. Wakati uliopita hausemi kwamba jambo limekwisha. Ukiandika "she told me she lived in Chamwino", hujasema amehama. Hujasema chochote kuhusu leo. Umesema tu wakati anaongea ndo ilikuwa hivo. Ndo maana Mwingereza akisahau jina lako anauliza "What did you say your name was?" na jina lako halijabadilika, wala hajakutukana. Kwahiyo uliopita ni salama karibu kila mahali, uliopo ndo unahitaji sababu.

Sababu zenyewe ni kama hizi. Moja, ni ukweli wa siku zote au wa kawaida: "He explained that grapes grow well in Dodoma because the climate is dry." Ukiandika grew na was sio kosa kisarufi, lakini msomaji mgeni anaweza kudhani zabibu za Hombolo zilikuwa za zamani. Mbili, ni ratiba au utaratibu ambao bado upo: "She said the office opens at eight." Kesho mtu anataka kwenda, mpe opens, na kama ulishasikia wamebadilisha muda, opened. Tatu, ni hali ya sasa hivi na habari ni mbichi: asubuhi Juma kapiga simu, saa nne unamwambia bosi "Juma called, he said he is sick". Hiyo is inamwambia bosi kwamba leo hatakuja. Mwezi ujao ukisimulia, ni was.

Na kama unahisi Juma anadanganya? Hata asubuhi ile ile ungesema "he said he was sick", hasa ukiivuta kidogo ile said. Bosi atakuelewa.

Hatua ya 4: mambo yajayo, je siku imeshafika?

Hii ina kipimo rahisi kuliko zote lakini ndo yenye makosa mengi kwenye ripoti ninazoziona. Will baada ya said inaruhusiwa tu kama siku inayozungumzwa bado haijafika wakati WEWE unaandika. Leo ni Jumatano, fundi kasema atakuja Ijumaa: "He said he will come on Friday" sawa, "he said he would come on Friday" sawa pia, ya kwanza inaonyesha unamtegemea zaidi. Ikifika Jumamosi, will imekufa. Ni would peke yake, awe amekuja au hajaja. Kwahiyo sentensi kama "Last month the supplier said they will deliver on the 10th" na tarehe 10 imeshapita, hiyo ni kosa, haina mjadala.

Ukitaka kusema alikuja au hakuja, hiyo ni kazi ya sentensi inayofuata. Would haisemi alikuja wala hakuja, ingawa ukiiacha peke yake bila kumalizia, msomaji mara nyingi atahisi hakuja.

Ile ya is coming nayo inafuata kipimo hicho hicho. "He told me he is coming tomorrow" mpaka kesho ipite.

Hatua ya 5: tomorrow, here, this na ndugu zake

Shuleni tuliambiwa tomorrow inakuwa the next day, yesterday inakuwa the day before, ago inakuwa before, here inakuwa there. Watu wanabadilisha kama mashine. Usibadilishe mpaka ujiulize kama neno bado linaelekeza kule kule. Umeongea na mtu leo asubuhi na unaripoti leo mchana, tomorrow bado ni kesho ile ile, iache. Unaripoti wiki ijayo, tomorrow ingempeleka msomaji siku nyingine kabisa, hapo ndo unaandika the next day, au bora zaidi taja siku yenyewe, on Thursday.

Here ni hivo hivo. Aliyesema yuko Singida, wewe unaandika ukiwa Dodoma, "It is raining here" inakuwa "he said it was raining there" au "in Singida". Mkiwa wote mko Dodoma here inabaki. Jedwali halijui uko wapi, wewe unajua.

Hatua ya 6: usisahau thought, knew, realised

Watu wanafikiri habari hii ni ya said tu. Hapana, chochote kilichokuwa kichwani nacho kinafuata njia hiyo, na hapa Kiswahili kinatuponza kuliko sehemu yoyote. "Sikujua kama uko hapa" inatoka "I didn't know you are here". Ukimwambia hivyo Mwingereza atakuelewa ila itamkwaruza sikio, yeye anasema "I didn't know you were here", ingawa uko mbele yake umekaa kwenye kiti. "I thought you were from Kondoa." "I forgot it was Saturday", na kweli ni Jumamosi. Kwenye thought was na were ni karibu lazima, kwa sababu ukisema nilidhani maana yake wazo lile umeshaliacha au unaliuliza upya, huwezi kulisimamia tena.

Tofauti inakuja kwenye kumpa mtu maarifa: "Did you know that the Kondoa rock paintings are on the World Heritage List?" Hapo are, maana unampa ukweli uliopo mpaka leo (ziliingia 2006). Na akijibu "I didn't know they are", hewala, watu wanasema, lakini were ndo inayosikika zaidi.

Hatua ya 7: maswali na amri, haraka haraka

Wakati unachaguliwa vile vile, kinachoongezeka ni mpangilio. Swali likisharipotiwa sio swali tena: "She asked me where the market was", sio where was the market, na alama ya kuuliza inaondoka. Do na did zinatoweka: "Do you sell maize?" inakuwa "he asked if we sold maize". Kama bado mnauza na unaripoti leo, "if we sell" inapita.

Amri haina wakati wa kuchagua kabisa, ni to tu. "Wait" inakuwa "he told us to wait", "don't wait" inakuwa "he told us not to wait".

Wenye kazi za kamati wanahitaji hii moja: baada ya recommended, proposed, demanded, kitenzi kinabaki uchi bila wakati wowote. "The committee recommended that the borehole be repaired." Sio is, sio was. Ukiona ngumu weka should be repaired, inakubalika vizuri. Ila was hapo inaleta maana nyingine.

Hatua ya 8: shikilia ulichochagua

"He said he was tired and wants to go home" inachechemea, kama kuchoka umekuweka siku ile basi na kutaka kukae siku ile, wanted. Kuchanganya kunaruhusiwa pale tu ambapo jambo moja limekwisha na lingine linaendelea kweli: "She said she studied at UDOM and now works in Mtumba." Kasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (ndo UDOM), kamaliza, anafanya kazi mpaka leo.

Kwenye sentensi za if, "If it rains, we will plant" inakuwa "he said that if it rained, they would plant". Zile ambazo tayari zina would au would have usiziguse.

Sehemu mbili zina desturi zake. Muhtasari wa kikao kwa Kiingereza unaandikwa wote kwenye wakati uliopita, hata yale ambayo bado ni kweli, na ukishaweka "The engineer reported that" mara moja unaweza kuendelea aya nzima bila kurudia: "The pump was working. Two villages were still without water. Repairs would be completed by June." Msomaji anajua ni maneno ya injinia. Ukichomekea is katikati anadhani ni wewe katibu unaongea. Na mtihani: mwanafunzi akiambiwa abadilishe kuwa reported speech na mwanzo kapewa "He said that", arudishe tu, isipokuwa ile ya ukweli wa siku zote kama jua na maji yanayochemka. Haya ya kusimamia na kutosimamia ayaweke akiba, hamna nafasi ya kumweleza msahihishaji.

Tujaribu na voisi moja

Mtu wenu wa mahindi katuma kwa Kiingereza kwa sababu mnunuzi ni mgeni: "I'm still in Kibaigwa. The lorry broke down last night but the mechanic is working on it. I'll be in Dodoma tomorrow morning. Don't pay the loaders before I arrive. The maize is dry."

Dakika kumi baadaye unamwandikia mnunuzi: "He says he's still in Kibaigwa. The lorry broke down last night but the mechanic is working on it. He'll be here tomorrow morning, and he has asked us not to pay the loaders before he arrives. According to him, the maize is dry." Says imefuta kazi yote ya kurudisha. Dodoma imekuwa here kwa sababu uko Dodoma. Ile according to him umeiongeza makusudi, maana ukitumia says huna namna ya kuonyesha mashaka kwa wakati wa kitenzi, na mahindi hujayashika.

Mwezi umepita, kuna ubishi wa malipo, unaandika maelezo: "He said he was still in Kibaigwa and that the lorry had broken down the night before, but the mechanic was working on it. He said he would be in Dodoma the next morning and asked us not to pay the loaders before he arrived. He also said the maize was dry." Had broken down inahitajika, kuharibika kulitangulia voisi na ubishi wenyewe ni wa nani alijua nini saa ngapi. Would, sio will, hata kama alifika saa moja kamili. Arrive imekuwa arrived kuifuata asked. Na kwenye mahindi, kama siku ile yalishushwa yakakutwa mabichi, ile was ndo inayokuruhusu kuongeza baada yake: "It was not."